Shell Rimula R4 X 15W-40 kwenye injini ndogo ya boti: nimeitumia hapa Tanga, haya ndo maoni yangu

Niseme mapema ili mwenye haraka achukue lake aende. Kwa injini ndogo za dizeli za boti, hizi za silinda moja mpaka tatu tunazohangaika nazo huku Tanga, Rimula R4 X 15W-40 ni oili nzuri, inapatikana, na sioni sababu ya mtu kuagizia Dar oili iliyochorwa nanga kwenye kopo. Ila sifa yake haiko kwenye jina la Shell. Iko kwenye herufi ndogo za nyuma ya dumu, CI-4, yaani daraja la oili, na kwenye tabia ya mwenye boti kumwaga oili kwa wakati, na hayo mawili ndo nataka niyaeleze kwa kirefu maana naona watu wanabishana majina ya kampuni pale bandarini mpaka mate yanakauka huku injini inakufa taratibu.

Injini yangu ni Yanmar 2GM20, silinda mbili, nguvu ya farasi 18, imefungwa kwenye boti ya faiba na inapoozwa na maji ya chumvi moja kwa moja, haina rejeta wala maji baridi (yasiyo na chumvi) yanayozunguka ndani. Kazi yake kubwa ni kupeleka wageni visiwa vya Toten na Ulenge, siku nyingine kuvua, na bahari ikitulia tunashuka nayo mpaka Kigombe. Nawatajia aina ya injini na kazi yake makusudi kwa sababu ndo inaamua oili, na mtu akikwambia oili fulani ni nzuri bila kukwambia anaitia kwenye injini gani, huyo hajakusaidia kitu.

Tuanze na hizo herufi. Dumu la oili lina alama ya API (Taasisi ya Mafuta ya Marekani, ndo wanaopanga madaraja), duara lenye maandishi juu na katikati. Juu ndo pana daraja la oili, na daraja likianza na S hiyo ni ya injini za petroli, likianza na C ni ya dizeli. Basi. Hapo tu umeshajua nusu ya mambo. Oili nyingi zimeandikwa zote mbili, CI-4/SL kwa mfano, hiyo haina shida, ila dumu lenye S peke yake liache kwa wenye Noah. Sasa herufi inayofuata baada ya C ndo inaonyesha umri na uwezo. CC na CD ni za zamani sana, CF ilikuja mwaka 1994, CH-4 ikaja 1998, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 ikafuata, na CK-4 ikatoka mwishoni mwa 2016. Kitabu cha hizi Yanmar za toleo la GM, kama 2GM20 yangu, kiliandikwa zamani hizo za CC kwa hiyo mtu akisoma anaanza kuzunguka mji mzima kutafuta CC, hatapata, na hana haja ya kupata, oili ya daraja la juu inafanya kazi ya daraja la chini bila tatizo.

Kwa nini basi nimesimamia CI-4 na sio CK-4 ambayo ni mpya zaidi? Hizi mpya, kuanzia CJ-4, zilitengenezwa kwa ajili ya malori ya kisasa yenye filta ya kukamata masizi kwenye ekzosi, na filta ile haitaki oili yenye majivu mengi, kwa hiyo walipunguza baadhi ya dawa zinazoacha majivu. Boti yangu haina filta hiyo, ekzosi yangu inatema moshi na maji baharini. Mimi nataka ile dawa iwepo kwa wingi maana ndo inaua asidi. Sisemi CK-4 ni mbaya, ukiikuta na ndo iliyopo tia ulale usingizi, nasema tu usilipe zaidi kwa kitu ambacho injini yako haikihitaji.

Namba sasa. 15W-40 maana yake oili ikiwa baridi inatiririka kama nyepesi ya 15, ikipata moto inakaa na uzito wa 40. Ukipima zote mbili kwenye nyuzi 100, yaani 15W-40 na ile 40 kavu (isiyo na W) ambayo mafundi wetu wengi wanaipenda, zinatakiwa ziangukie kwenye kipimo kilekile cha uzito, kati ya 12.5 na 16.3. Kwa hiyo yule fundi anayekwambia "15W-40 ni maji tupu shekhe wangu, tia 40 ndo oili ya wanaume" hana hoja injini ikishachemka. Tofauti iko asubuhi. Alfajiri unapopiga stata oili yote imelala kwenye sampo (karai la chini ya injini), vyuma vya juu vimebaki na utando mwembamba tu, na inatakiwa ifike haraka kwenye krenki na kwenye roka. 15W-40 inafika mapema kuliko 40 kavu. Na injini ya boti inalala sana, inaweza kukaa wiki bahari ikichafuka, halafu unaiamsha kwa ghafla na wageni wameshakaa. Hapo ndo chuma kinapolika, sio ukiwa katikati ya safari.

Nimesikia pia wanaotia 20W-50 kwa imani kwamba huku kwetu ni joto sana. Joto la Tanga ni la mtu, injini inayopoozwa na maji ya bahari haijui kama nje kuna jua la Februari.

Na hapa ndo nataka tukae kidogo kwa sababu hiki ndo kitu kinachotofautisha boti na lori, na wauza oili wengi hawakijui. Hizi 2GM20 za maji ya chumvi thamostati yake inaanza kufunguka nyuzi 42 tu. Zile zenye maji baridi yasiyo na chumvi ndani, zenye herufi F mwishoni, inafunguka kwenye kama nyuzi 71. Wenyewe Yanmar walifanya hivyo makusudi, maana maji ya bahari yakipata moto mkali yanaacha chumvi ngumu ndani ya njia za maji na baadaye zinaziba. Sawa, injini haizibi, lakini injini inayokwenda na ubaridi huo oili yake haipati moto wa kutosha kufukuza unyevu. Dizeli ikiungua inatoa mvuke wa maji, mwingine unapenya kwenye ringi unashuka kwenye oili. Kwenye lori linalopanda Segera mvuke huo unachemka unatoka. Kwenye boti inayotoka Sahare kwenda Toten na kuzimwa, hautoki, unabaki mule. Dizeli nayo ina salfa, hata hii ya vituoni yenye kiwango cha 50 ppm bado ina kidogo, na ile ya kwenye vidumu ufukweni sitaki hata kuiongelea, inaweza kuwa imechakachuliwa. Salfa iliyoungua ikikutana na unyevu inazaa asidi, na asidi inakula metali za krenki (zile beringi laini inazozungukia) pole pole bila kupiga kelele.

Ndo maana nikasema dawa ya kuua asidi ni muhimu kuliko jina. Oili ina akiba ya kupambana na asidi, wenyewe wanaiita TBN, na kila ukiendesha akiba inapungua. Oili nyingi za CI-4 zinaanza na akiba ya kama 10 hivi. Ikiisha, oili inaweza kuonekana nzito na nzuri kwenye vidole kumbe haina kazi tena. Kwa hiyo ukiona mtu anajisifu ametia oili ya gharama, sintetiki ya 5W-40 iliyotoka Ulaya, halafu anakaa nayo miaka miwili kwa sababu imemuuma mfukoni, mwambie ndugu yangu ungetia ya kawaida ukamwaga mapema ungekuwa umefanya la maana. Kitabu cha GM kinasema mwaga kila saa 100, na ya kwanza baada ya injini mpya au iliyofunguliwa ni saa 50. Mimi kwa safari zetu hizi fupi fupi sisubiri hata hiyo mia, na kabla ya kuipandisha boti pwani kupisha kusi namwaga hata kama saa hazijafika. Namwaga KABLA ya kulaza, sio siku ya kurudi majini, maana ukiilaza na oili chafu umeilaza na asidi yake miezi yote hiyo.

Haya, Rimula yenyewe ikoje ndani ya injini. Inawaka vizuri asubuhi, alamu ya presha inanyamaza haraka kuliko nilivyozoea nikiwa na 40 kavu, na hili baharia wangu ndo aliliona kabla yangu akasema "Kaka, siku hizi hailii sana." Moshi haujaongezeka. Oili haipungui kwa kiasi cha kunitia wasiwasi kati ya sevisi na sevisi. Nikifungua kifuniko cha kujazia juu, ule ute mweupe wa unyevu bado unaonekana nikiwa nimefanya safari fupi mfululizo, hakuna oili itakayoondoa hilo, lakini ni utando mwembamba na ukienda safari ndefu ya kwenda Kigombe ukirudi umepotea. Hiyo ndo njia ya kujua kama ni unyevu wa kawaida au ni maji ya bahari yanaingia. Wa kawaida unaondoka injini ikifanyishwa kazi, wa bahari unaongezeka.

Itakuwa nyeusi. Mapema sana. Utamwaga leo, kesho kutwa ukichomoa kijiti cha kupimia ni nyeusi tii, na hapo utasikia watu wanakwambia umeuziwa feki. Hapana. Oili ya dizeli ya daraja hili ina sabuni ndani, inaosha masizi na kuyashika yasitulie chini, kwa hiyo weusi ni dalili kwamba inafanya kazi. Hasa kama injini ilikuwa na oili ya hovyo kwa miaka, mara ya kwanza itatoka kama lami. Ninachokifanya mimi ni kudondosha tone moja la kwenye kijiti juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa nikaliacha mpaka kesho yake. Tone zuri linatawanyika, katikati jeusi na linafifia taratibu kwenda nje mpaka kijivu. Likibaki doa jeusi nene limekatika pembeni bila kutawanyika, ujue sabuni imekwisha, mwaga. Likiwa na duara pana la njano nje, harufu nayo ikawa ya dizeli, basi dizeli inaingia kwenye oili, na kwenye hizi GM angalia kwanza ile pampu ndogo ya kuvuta mafuta, diaframu yake ikichanika inapitisha dizeli mpaka kwenye sampo na utaona kipimo kinapanda chenyewe. Watu wanafurahi oili haipungui kumbe inaongezeka!

Upande wa manunuzi ndo penye kazi. Tanga oili za malori zimejaa kwa sababu malori yamejaa, hilo ni jambo jema kwetu, lakini feki nazo zipo na dumu la jina kubwa ndo linaloigizwa. Kuna duka moja, sitalitaja, nilipewa dumu la lita tano nikalizungusha mkononi nikaona ile ringi ya kifuniko imeshakatika na kurudishiwa. Nikamuuliza yule kijana, mdogo wangu, hii mbona lakiri imekatika? Akanijibu, "Bosi, hiyo imekatika kwenye kusafirisha, oili ni oili tu, malori yote yanatia hii." Nikamwambia nipe lingine, akaenda nyuma akarudi na dumu ambalo namba ya toleo imefutika nusu na lebo inaachia pembeni. Nilimshukuru nikaondoka. Kifuniko cha dumu la kiwandani hakikatiki kwa kusafirishwa, kikikatika oili ingekuwa imemwagika kwenye boksi zima.

Kuna duka lingine kule Ngamiani, kwenye hizi barabara za namba, la mama mmoja mtu mzima, pale ndo ninaponunua mpaka leo. Siku ya kwanza nimefika nikaomba 15W-40, kabla hajainuka akaniuliza, "Mwanangu, injini yako ya nchi kavu au ya baharini?" Nikamwambia ya baharini mama, Yanmar, inakula lita mbili tu. Akasema basi usichukue dumu la tano, chukua makopo mawili ya lita moja na moja la akiba la kukaa botini, ukifungua dumu kubwa ukaliweka chomboni linashika unyevu na chumvi. Akafungua boksi mbele yangu, akanikabidhi kopo nilisome mwenyewe nyuma, akaandika risiti yenye jina la oili na sio "oili" tu. Mfanyabiashara wa namna hii mnamuungisha wote jamani, hata kama bei yake inazidi kidogo. Bei siandiki hapa maana inabadilika kila mzigo unapoingia, ila kopo za lita moja ukizijumlisha zinakuwa ghali kuliko dumu la tano, hilo mjue, mimi nalipa tofauti hiyo kwa moyo mweupe.

Na oili ya kupima, ile ya kuchotwa kwenye pipa unaletewa kwenye chupa ya maji, kwa injini ya boti iacheni. Hujui pipa ni la nini, hujui limefunguliwa lini, hujui kama waliweka mpira wa kuchotea mkavu. Ukimaliza kopo lako pia litoboe au likate kabla ya kulitupa, maana makopo mazima yenye lebo safi yana wanunuzi wake na wewe unajua wanayapeleka wapi.

Namna ya kumwaga nayo inahusika na oili maana oili nzuri juu ya uchafu wa zamani ni hasara. Kwenye boti nyingi boliti ya chini ya sampo haifikiki, iko juu ya ngama (chini kabisa ndani ya boti) na mkono haupiti, kwa hiyo tunafyonza kwa pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti. Washa injini kwanza ichemke, nenda nayo hata raundi moja mpaka karibu na Toten urudi ukiwa na mzigo, usiiache inaunguruma tu pale pale kwenye nanga. Oili ya moto inatoka na taka zake, ya baridi inatoka peke yake taka zinabaki chini. Pitisha mpira mpaka uguse chini, fyonza, subiri kidogo, fyonza tena, kila mara utapata kidogo zaidi. Filta badilisha kila unapomwaga, usimsikilize anayesema ruka moja, maana filta ya zamani ina oili chafu ndani yake na injini yenyewe inakula lita mbili tu, unachafua oili mpya kabla hata hujafika Ulenge. Filta ya Yanmar ya hizi GM ni namba 119305-35151, mwambie muuzaji namba hiyo, usimpelekee ya kufanana kwa macho. Paka oili kidogo kwenye mpira wake, kaza kwa mkono. Halafu jaza polepole, subiri ishuke, pima. Usizidishe juu ya alama ya juu, boti inalala upande na injini imekaa mlalo kidogo, oili ikizidi krenki inaipiga inakuwa povu, na povu halilainishi kitu.

Ile 40 kavu ya bei nafuu sijaitupa, nina kazi nayo moja. Maji ya bahari yakiingia kwenye oili, na yanaingia kwa gasketi ya silinda hedi ikifa au kwa kurudi kwenye ekzosi pale mtu anapopiga stata muda mrefu injini haiwaki na hakufunga bomba la maji, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo una masaa, huna siku. Chumvi ikikaa kwenye metali na kwenye ringi usiku mmoja imeshaanza kula. Ziba kwanza panapoingia, fyonza yote, tia oili ya bei nafuu ya dizeli, washa dakika chache ipate joto, fyonza, tia tena, mpaka itoke bila weupe, na filta ubadilishe njiani. Huwezi kuosha injini na Rimula mara nne ukabaki na hela ya kula, kwa hiyo dumu la 40 ya CF lililofungwa vizuri liweke nyumbani kwa siku hiyo. Ukishamaliza kuosha ndo unatia CI-4 yako, na hiyo nayo unaimwaga mapema.

Wenye mashua zenye injini za Kichina za silinda moja, kina S195, wao nawaelewa wakibaki na 40 kavu. Injini inakwenda mizunguko 2000 kwa dakika, haina makubwa, imetengenezewa oili hiyo, na kama inamwagwa mara kwa mara itafanya kazi. Ila hata huko angalia isishuke chini ya CD au CF, na isiwe oili ya mashine za nje. Hii narudia kwa sababu nimeona kwa macho, mtu ana Yamaha ya kuning'inia nyuma na ana dizeli ndani ya boti nyingine, ana dumu la oili ya tustroku lenye TC-W3, linabaki, anajazia kwenye dizeli "kwa sababu nayo ni ya baharini". Oili ile imetengenezwa iungue pamoja na petroli, haina nguvu ya kubeba krenki ya dizeli, haina sabuni ya masizi. Neno bahari kwenye kopo halimaanishi injini zote za bahari.

Kingine ambacho oili yoyote itasingiziwa: kuwasha injini muda mrefu bila mzigo ili kuchaji betri au kuwasha taa za wageni. Dizeli ikiunguruma masaa bila kazi, kuta za silinda zinapata ule mng'ao kama kioo, ringi hazishiki, oili inaanza kupanda juu na kuungua, moshi wa bluu, halafu mwenye boti anasema Rimula inaliwa. Ipe kazi. Ukimaliza shughuli za nanga, funga safari ya kurudi kwa nguvu ya kueleweka, sio kwa kubembeleza.

Ukikosa R4 X, usirudi nyumbani mikono mitupu. Mobil Delvac MX 15W-40 na Total Rubia TIR 7400 15W-40 ziko kwenye daraja hilo hilo la CI-4, tia yoyote kati ya hizo bila wasiwasi, na kama umepungukiwa robo lita katikati ya safari unaweza kujazia ya kampuni nyingine yenye namba na daraja sawa, haitagombana na iliyomo. Oili chafu kusanya kwenye dumu, peleka kwa wenye gereji wanaozikusanya, usiimwage kwenye ngama ukaikumba baharini usiku. Maji haya kuanzia hapa mjini kushuka kusini ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki wa kale) tangu 2009, na hata ingekuwa sio hifadhi, pale pale ndo tunapovua.

La mwisho ni gia, maana watu wakibakiwa na oili wanaitia humo. Gia ya Yanmar KM2P iliyofungwa kwenye hizi 2GM20 inakula kama lita 0.3 na kitabu chake kinataka oili ya injini ya dizeli nyepesi zaidi, 20 au 30, kwa hiyo nimenunua kopo la SAE 30 peke yake kwa ajili hiyo na linakaa muda mrefu. Ndani yake mna koni inayoshika kwa msuguano, oili za petroli zile za kisasa za kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo zinaifanya iteleze, injini inapanda mizunguko pangaboi halivuti. Na kama gia yako ni Hurth au ZF, nyingi kati ya hizo zinatumia ATF nyekundu ya giaboksi za otomatiki, soma kibati kilichogongwa juu yake kabla hujamimina chochote.